Masafa ya Serikali: Nini cha Kubandika na Nini cha Kuacha kwa Wasikilizaji wa Mtwara na Lindi

Kipokezi cha USB kinachokaa kiganjani, antena ya waya na kompyuta mpakato ya kawaida vinatosha kukufungulia mawimbi kuanzia megahezi 24 hadi 1,766. Ukivifunga Shangani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko utakuta vituo vya FM, meli zinazokaribia bandari, ndege zinazopita kuelekea Comoro na Msumbiji, setilaiti za hali ya hewa, redio za upepo za makampuni, na katikati ya hayo yote mawimbi ya serikali. Kifaa hakichagui. Anayechagua ni wewe, na uchaguzi mgumu huja pale unapotaka kubandika ulichokipata grupuni au mtandaoni.

Mwongozo huu unahusu hatua hiyo ya kubandika. Haufundishi kusaka masafa ya vyombo vya ulinzi na usalama. Unaonyesha yale mengi unayoweza kuwapa wenzako, namna ya kuyaandika yakawa sahihi, na mahali pa kunyamaza.

Sheria ya hapa, si ya Marekani

Maelekezo mengi ya shughuli hii yaliyoko mtandaoni yameandikwa na Wamarekani, nayo yamesimama juu ya sheria yao. Kule, sheria ya mwaka 1986 inaruhusu mtu kusikiliza mawasiliano ya redio ya serikali, ya polisi yakiwemo, mradi yanapatikana kwa urahisi na umma na hayajafungwa kwa msimbo. Leseni za masafa za majimbo na miji ziko wazi kwenye hifadhidata ya FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, kwa hiyo tovuti kama RadioReference inaweza kupanga orodha ndefu za idara na chaneli zake. Uingereza ni habari nyingine: kifungu cha 48 cha sheria yao ya redio ya mwaka 2006 kinafanya kuwa kosa kusikiliza kwa makusudi ujumbe usiokuhusu, na kosa jingine kuutoa kwa mtu.

Sisi tuko Tanzania. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini ya kisheria, na inakataza vilevile kumpa mtu mwingine yaliyomo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina kifungu cha kunasa isivyo halali. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu. Juu ya hizo kuna Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ibara ya 17, zinazozitaka nchi wanachama zizuie watu kunasa mawasiliano yasiyokusudiwa umma, kutoa yaliyomo, na hata kutoa habari tu kwamba mawasiliano hayo yapo.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi. Mtu anaandika grupuni, "leo kuna pilikapilika kubwa kwenye masafa fulani," hajanukuu neno hata moja, anajiona yuko salama. Hayuko salama, kwa kuwa ameshatangaza kuwapo kwa mawasiliano ambayo hayakuwa yake.

Kusini kuna sababu ya pili, nayo haihitaji mwanasheria. Ng'ambo ya Ruvuma ni Cabo Delgado, ambako mapigano yalianza Oktoba 2017. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa. Mwenye kubandika kwamba askari wamesikika wakielekea mahali fulani anaweza kuwa anamwandikia mtu asiyemjua, mwenye nia asiyoijua. Kwa hiyo mawasiliano ya jeshi, polisi, uhamiaji na doria za mpakani hayana kiwango kidogo kinachokubalika. Usiyatafute, usiyahifadhi, usiyataje.

Kuhusu chombo chenyewe: kipokezi kisichorusha na redio ya mkononi inayorusha ni vitu viwili tofauti. Redio kama Baofeng UV-5R ina kitufe cha kuongea, kwa hiyo inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hata kama umeinunua kwa ajili ya kusikiliza tu. Kidole kikiteleza kwenye kitufe hicho umeingilia chaneli ya mtu. Anayeanza anunue kipokezi kitupu.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kubandika

La kwanza: nani alikusudiwa kupokea? Kituo cha FM, setilaiti ya hali ya hewa na mtambo wa utambulisho wa meli vinarusha kwa yeyote aliye karibu. Askari anayemwita mwenzake hakukusudia wewe umsikie. Hapa watu huchanganya masafa na maneno. Masafa ya mnara wa kuongozea ndege yamechapishwa rasmi kwenye kitabu cha taarifa za anga ili kila rubani ayajue, basi kuyataja si siri. Lakini mazungumzo ya rubani na mnara ni ya watu wawili wanaofanya kazi. Unaweza kuandika kwamba anga hutumia megahezi 118 hadi 137 kwa mfumo wa AM, na kwamba 121.5 ni ya dharura. Sauti uliyorekodi usiibandike.

La pili: serikali yenyewe imeshalichapisha? Jedwali la taifa la mgawanyo wa masafa la TCRA, taarifa za anga, zabuni zilizotangazwa kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, hotuba za bajeti za wizara bungeni, zote ni nyaraka za wazi. Zinukuu kwa jina la waraka, mwaka na ukurasa, ukomee palipokomea waraka. Kosa la kawaida ni kuongeza chako: zabuni inasema idara fulani inanunua redio za kidijitali, wewe unaongeza mnara uliouona na ishara uliyoiona kwenye skrini. Vipande vitatu visivyo na madhara vikishonwa pamoja vinakuwa ramani ambayo hakuna aliyeidhinisha ichorwe. Waraka mmoja, nukuu moja, basi.

La tatu ni muda. Habari ileile inaweza kuwa hatari saa hii na isiwe na uzito wowote baada ya wiki. Ukikosa jibu la uhakika kwenye mojawapo ya maswali haya, usibandike.

Meli: hapa ndipo pana kazi nzuri

Kwa mtu wa pwani ya kusini, AIS, yaani mfumo wa meli kujitambulisha kwa redio, ndiyo shule bora ya redio. Mkataba wa usalama wa maisha baharini unazitaka meli za tani 300 na zaidi za safari za kimataifa, za tani 500 na zaidi za safari za ndani, na meli zote za abiria, ziwe na mtambo huu. Zinarusha kwenye megahezi 161.975 na 162.025. Meli kubwa inayotembea hutoa mahali ilipo kila baada ya sekunde 2 hadi 10, na ikitia nanga kila dakika 3. Jina, ukubwa na mahali inakokwenda hutoka kila dakika 6, basi usishtuke ukiona namba tupu kwa dakika kadhaa kabla ya jina kutokea.

Antena itengeneze mwenyewe. Kata waya mgumu wa shaba au fimbo ya chuma kisichoshika kutu, sentimita 44, isimame wima. Chini yake funga fimbo nne za sentimita 46 hadi 47 zikiinama nyuzi 45. Tumia waya wa dishi la televisheni, RG-6, badala ya RG-58 mwembamba. Kwenye masafa haya RG-6 hupoteza chini ya nusu ya kile kinachopotea kwenye RG-58, na unapatikana kila duka la umeme. Utahitaji kiunganishi cha kutoka skrubu ya dishi kwenda SMA, tundu la antena la kipokezi. Maungio ya juu yafunge kwa utepe wa mpira unaojishikiza wenyewe, kisha juu yake utepe wa kawaida. Chumvi ya bahari ikipenya kwenye waya, shaba hugeuka kijani ndani ya koti na ishara hupungua kidogo kidogo hadi unadhani meli zimeacha kuja. Kila ukiona umbali unapungua bila sababu, fungua kiungo cha juu kwanza kabla ya kugusa programu.

Programu ya AIS-catcher husoma chaneli zote mbili kwa pamoja kwa sababu zimeachana kilohezi 50 tu. Umbali wa kutarajia unakokotoleka: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na cha antena ya meli, zidisha kwa 4.12. Antena yako ikiwa mita 9 juu na ya meli mita 25, ni 3 jumlisha 5, mara 4.12, yaani kilomita 33. Ukipata 41 siku moja, hewa juu ya bahari imeyapinda mawimbi, na hilo linafaa kuandikwa. Ukipata 12 kila siku, kuna nyumba, mnazi au kiungo kibovu njiani.

Sasa, nini cha kubandika? Umbali wa juu kwa kila upande wa dira, idadi ya meli kwa saa, tofauti kati ya antena mbili, maeneo ambayo hayasikiki kwa sababu ya mwinuko. Hayo yanamsaidia mwenzako wa Kilwa kuamua afunge antena yake wapi. Namba ya utambulisho yenye tarakimu tisa inaanza na msimbo wa nchi, 674 na 677 kwa Tanzania, 650 kwa Msumbiji. Kufundishana kuisoma hakumdhuru mtu.

Usichobandika ni mahali meli ilipo sasa hivi. Desemba 2004, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilitoa msimamo kwamba kuchapisha data za AIS kwa uhuru mtandaoni kunaweza kuhatarisha usalama wa meli na bandari. Ni kweli kwamba tovuti kubwa zinafanya hivyo kila siku. Hata hivyo meli iliyotia nanga nje ya ghuba usiku ikisubiri zamu yake haihitaji mtu wa nchi kavu amtangazie kila mwenye boti kwamba iko pale. Subiri ifunge gatini au iondoke ndipo uandike. Vyombo vya doria havilazimiki kurusha AIS. Kimojawapo kikitokea kwenye skrini yako, usikitaje hata baada ya wiki.

Angalia pia ubora wa data yenyewe. Mahali meli inakokwenda huandikwa kwa mkono na baharia, na mara nyingi bado panaonyesha safari iliyopita. Hali ya "imetia nanga" husahaulika huku meli ikienda kwa kasi. Ukiandika "meli fulani inakuja Mtwara kuchukua korosho" kwa kuamini kipengele hicho, unaweza kuwa unasambaza uongo unaogusa bei na biashara za watu. Andika ulichopokea, usiandike unachokisia.

Na hili lisemwe wazi kila unapoonyesha ramani yako: ngalawa, mashua na boti ndogo za uvuvi kwa kawaida hazina AIS. Ramani iliyo tupu haimaanishi bahari ni tupu, na mtu asiitumie kuvukia.

Ndege na setilaiti, kwa kifupi

ADS-B, mfumo wa ndege kujitangaza mahali zilipo, iko kwenye megahezi 1090. Fimbo ya sentimita 6.9 yenye fimbo nne za chini za urefu huohuo inatosha kuanzia. Programu ni readsb au dump1090. Kwa ndege iliyo mita 11,000 juu, kanuni ileile ya umbali inatoa kilomita 440 na ushee, kwa hiyo kutoka Mtwara utaziona hadi juu ya Comoro na kusini ya Pemba ya Msumbiji. Safari za kawaida za abiria zina ratiba iliyotangazwa, hazina shida. Helikopta na ndege za serikali, za polisi na za jeshi ziache, na usitoe maelezo ya kwa nini inazunguka mahali fulani.

Ukiunganisha kipokezi chako na mtandao wa kimataifa wa kufuatilia ndege, utaulizwa mahali ulipo. Hesabu zao zinahitaji usahihi, lakini ramani wanayoionyesha watu haihitaji. Chagua kupunguza usahihi wa kuonyeshwa: tarakimu mbili baada ya nukta zinakuweka ndani ya kilomita moja hivi, tarakimu moja ndani ya kilomita 11. Na kwa kituo cha kudumu kinachotuma data saa zote, andika barua TCRA uulize kabla. Jibu la maandishi lina thamani kuliko ushauri wa grupu zima.

Setilaiti za hali ya hewa ni mawimbi ya serikali ambayo wenyewe wanataka yapokelewe. NOAA 15, 18 na 19 zilizofundisha watu wengi zilizimwa mwaka 2025, kwa hiyo maelekezo ya zamani yatakuchosha bure. Zilizobaki kwenye megahezi 137 ni Meteor-M N2-3 na N2-4 za Urusi, na hutuma picha kwa mfumo wa kidijitali, kwenye 137.1 au 137.9. Bandika picha kadiri upendavyo, ila andika saa ya kupita setilaiti juu ya picha yenyewe, maana maelezo ya chini hukatwa mtu akiituma mbele. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara ya kwenda kusini huko Kilwa na kila mtu alikuwa anatafuta habari. Siku kama hizo picha ya jana ikizunguka kama ya leo inamfanya mvuvi atoke au mama ahamishe watoto usiku bila sababu. Utabiri na tahadhari ni vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Picha yako ni picha ya mawingu ya saa fulani.

Hakikisha ishara ni ya kweli

Uharibifu mwingi hautoki kwenye siri iliyovuja. Unatoka kwenye ishara isiyokuwapo. Mtu anaona mstari unaong'aa, anaandika "haya ni masafa ya idara fulani," na kesho watu kumi wamelinakili. Kabla ya kuamini mstari wowote, pima hivi.

Chomoa antena. Mstari ukibaki, unatoka ndani ya kipokezi chako. Vipokezi hivi vina saa ya ndani ya megahezi 28.8, na vizidisho vyake hujitokeza kama ishara: 144.0, 172.8, 403.2, 432.0 na kadhalika. Havina mwenyewe.

Antena ikirudi, weka kipunguzi cha desibeli 10 kati ya antena na kipokezi. Ishara ya kweli itashuka desibeli 10. Ikishuka 30 au karibu na hapo, ni mchanganyiko uliozaliwa ndani ya kipokezi baada ya kuzidiwa na vituo vya FM. Tuseme una vituo viwili vyenye nguvu, kimoja 105.0 na kingine 90.0, mara mbili ya 105 ukitoa 90 unapata 120.0, ndani ya masafa ya ndege. Utasikia muziki wa dansi kwenye chaneli ya anga na kudhani kuna mtu anaingilia uwanja wa ndege. Dawa yake ni kichujio cha kuzuia megahezi 88 hadi 108, na kupunguza geini, yaani ukuzaji wa ishara kwenye kipokezi. Karibu na minara ya FM kichujio hicho si anasa.

Kisha sahihisha saa ya kipokezi. Cha bei nafuu kinaweza kukosea sehemu 30 kwa milioni. Kwenye megahezi 450 hiyo ni kilohezi 13.5, zaidi ya upana wa chaneli nzima ya kilohezi 12.5. Maana yake unamtaja jirani. Pima kwa kitu unachokijua, kwa mfano AIS ya 162.025, urekebishe hadi ikae katikati, ukiwa umekiacha kipokezi kipate joto kwa dakika 20 kwanza. Chenye kidhibiti joto cha sehemu 1 kwa milioni kinakuokoa na kazi hii, na kwa jua la huku kinastahili pesa iliyoongezeka.

Kelele nayo husingiziwa watu wasio na hatia. Chaja za simu, taa za LED na vidhibiti vya chaji vya sola hutoa mistari inayorudia kwa umbali sawa. Zima kimoja kimoja ndani ya nyumba kabla ya kumshuku yeyote nje.

Kuandika rekodi na kusafisha faili

Rekodi nzuri inaonekana hivi: "17 Mei, saa 11:40 jioni (14:40 UTC). AIS, 162.025. Antena mita 9, RG-6 mita 12, geini 38.6. Meli 7, ya mbali zaidi kilomita 41, upande wa kaskazini mashariki. Upepo wa kusi." Mwenzako anaweza kulinganisha na yake. Saa ndiyo inayochanganya kuliko yote: saa 2 usiku ya kwetu ni 20:00 kwenye kompyuta na 17:00 UTC, saa ya kimataifa. Andika mbili, ya kwetu na ya UTC, kila mara, na usiandike "saa 8" bila kusema ya mchana au ya usiku.

Picha ya skrini inavuja kuliko unavyodhani. Unataka kuonyesha mstari mmoja, lakini mporomoko wa rangi unaochora mawimbi kwenye skrini unaonyesha megahezi mbili nzima za majirani zake, kushoto kuna orodha ya chaneli ulizozihifadhi kwa majina, juu kuna jina la faili lenye mahali ulipo, kona ya chini kuna jina la Wi-Fi yako. Kata ibaki sehemu unayoizungumzia. Picha ya antena iliyopigwa kwa simu hubeba mahali ilipopigwa. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kupiga. Usipige picha minara iliyo ndani ya uzio wa serikali, bandari au uwanja wa ndege, hata kama inaonekana barabarani.

Faili la mawimbi ghafi ndilo hatari zaidi, na hata watu wazoefu hulisahau. Kipokezi kikirekodi sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, faili hukua megabaiti 288 kwa dakika, na ndani yake mna kila kitu kilichorushwa kwenye megahezi 2.4 hizo. Ukimtumia mwenzako faili ili aone AIS, umemtumia pia mazungumzo ya chaneli zote za jirani, ambayo anaweza kuyafungua mwakani kwa programu bora. Kabla ya kutuma, lipunguze hadi sampuli elfu 96 kwa sekunde katikati ya chaneli mbili za AIS. Hiyo inatosha kwa zote mbili na inakata majirani wengi. Lile kubwa lifute, na usiwashe kurekodi kwa kujiendesha usiku kucha.

Ukikuta usichokitafuta, na ukiulizwa

Unapita kwenye masafa, unagongana na sauti. Ondoka papo hapo. Usiandike namba, usihifadhi kama chaneli, usirudi kuthibitisha. Kama programu ilikuwa inarekodi, futa kipande hicho siku hiyohiyo. Kama kilikuwa na jina au ugonjwa wa mtu, kumbuka kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba mgonjwa huyo anaweza kuwa jirani yako.

Mtu akiuliza grupuni, "Jamani masafa ya polisi Lindi ni ngapi?" usimtukane, wengi huuliza kwa udadisi tu. Mjibu: "Ndugu yangu, hayo hatuyaweki hapa, sheria hairuhusu na yanahatarisha watu. Kama unataka kuanza, tuanze na AIS au setilaiti, nitakuelekeza." Kisha nyamaza kweli. Usimwambie "si hayo" akikisia namba, usiseme "siku hizi ni ya kidijitali" au "yamefungwa." Kila kanusho linapunguza ukubwa wa eneo analotafuta. Msimamizi wa grupu afute swali lenyewe pia, maana majibu huja faragha.

Funguo za usimbaji, namba za utambulisho za redio za watu binafsi na milio ya kuamrisha mitambo havibandikwi kamwe, hata kwa mfano. Aprili 2017 ving'ora 156 vya tahadhari vya jiji la Dallas vililia usiku kwa zaidi ya saa moja, na maofisa wa jiji walisema aliyeviwasha alitumia mawimbi ya redio. Mlio uliorekodiwa ni ufunguo.

Ukigundua udhaifu kwenye mfumo wa umma, mpe taarifa mwenye mfumo au TZ-CERT iliyo chini ya TCRA. Eleza ulichokiona, tarehe na saa, bila kuambatisha yaliyomo na bila kujaribu zaidi ili upate ushahidi. Watafiti wa Midnight Blue wa Uholanzi walipokuta udhaifu kwenye TETRA, mfumo unaotumiwa na polisi na zimamoto wa nchi nyingi, walikijulisha kituo cha usalama wa mtandao cha nchi yao Desemba 2021, na umma ukaambiwa Julai 2023. Mwaka mmoja na nusu wa kukaa kimya ili redio zirekebishwe. Hicho ndicho kipimo cha kujilinganisha nacho.

Dhiki baharini

Hapa kanuni ya kunyamaza inageuka. Ukisikia wito wa dhiki kwenye chaneli ya 16, megahezi 156.8, andika papo hapo: saa, jina la chombo, mahali kwa latitudo na longitudo au alama ya pwani waliyoitaja, idadi ya watu, tatizo. Sikiliza nusu dakika kama kituo cha pwani au meli nyingine imejibu. Kama kimya, piga 112 na usome ulichoandika jinsi kilivyo, bila kukisia jina la kisiwa au mwamba. Kama kuna moto, piga na 114. Usirushe sauti hiyo grupuni. Ndugu wa mabaharia wasipate habari kwa njia hiyo, na boti za kujitolea zisizo na mawasiliano zikimiminika zinaongeza watu wa kuokolewa. Ukishatoa taarifa baki kwenye chaneli na uendelee kuandika hadi usikie "seelonce feenee", maneno yanayofunga dhiki, kwa sababu maofisa wanaweza kukupigia tena kukuuliza mahali pa mwisho palipotajwa.